Sayansi Iliyoandikwa kwa Kiswahili: Wafuatiliaji wa Sokwe wa Gombe

Historia ya utafiti wa Gombe husimuliwa mara nyingi kama historia ya mtu mmoja, Jane Goodall. Ni kweli kwamba alifika pale, kwenye ziwa hilihili la Tanganyika linalogusa Bujumbura, tarehe 14 Julai 1960. Lakini swali la sokwe wanakwenda wapi, na kwa nini, lilijibiwa kwa sehemu kubwa na Watanzania.

Mwanzoni Goodall aliwatazama sokwe kwa darubini kutoka mlimani. Baadaye walizoea kupewa ndizi kambini. Njia hiyo ilikuwa na kasoro, kwa sababu sokwe anayefuata ndizi haonyeshi anavyotembea msituni siku zote. Ikabidi afuatwe yeye. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Mwaka 1969 mtafiti mmoja kijana, aliyekuwa peke yake, alianguka kwenye genge akafa. Tangu hapo wanafunzi wageni walitakiwa kuongozana na mwenyeji.

Wafuatiliaji huchagua sokwe mmoja, wakamfuata tangu anapotoka kwenye kiota chake alfajiri mpaka anapojenga kingine jioni. Kila baada ya dakika 15 huandika yuko wapi na yuko na nani. Alama hizo zikiunganishwa kwenye ramani, eneo la kila kundi huonekana.

Kwa njia hiyo, Januari 1974, Hilali Matama alishuhudia madume wa kundi la Kasekela wakiingia eneo la kundi la Kahama, upande wa kusini, na kumshambulia dume aitwaye Godi. Kufikia mwisho wa 1977 kundi la Kahama lilikuwa limekwisha.

Mei 1975 watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka ziwa usiku wakawateka wanafunzi wanne. Wote waliachiwa baadaye, lakini wanafunzi wageni waliondoka Gombe. Utafiti ungeweza kufa hapo. Haukufa, kwa sababu wafuatiliaji Watanzania waliendelea kupanda milima na kujaza kumbukumbu zao kwa Kiswahili.

Bado tunaambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na si ya sayansi. Kumbukumbu za Gombe zinakanusha. Wageni wanaotaka kuzitumia hulazimika kwanza kuzitafsiri kutoka lugha yetu.