Mto wa ngao ya gitaa la achitopu

Mto wa ngao ni kipande chembamba cha kitu laini kinachowekwa pale ngao ya gitaa la achitopu, yaani bamba linalokinga uso wake na makwaruzo, inapokutana na shingo, na ubavu, au na kono la chuma linaloishikilia. Kazi yake ni kuizuia ngao isilie na isikwaruze vanishi, huku uso wa gitaa ukiachwa uvume kwa uhuru. Mto ni mdogo, lakini ukichaguliwa vibaya huacha alama isiyofutika kwenye ala ya thamani.

Asili na muundo

Gitaa la achitopu lina uso uliochongwa kwa mbinuko, kwa mfano wa fidla. Orville Gibson alianza kuchonga nyuso za aina hiyo mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani, katika miaka ya 1890. Mwaka 1922 kampuni iliyobeba jina lake ilitoa gitaa la L-5, kazi inayohusishwa na Lloyd Loar, ambalo lilikuwa na matundu mawili ya umbo la herufi f badala ya tundu moja la duara.

Kwa kuwa uso umebinuka na nyuzi zimeinuka juu yake, ngao ya gitaa hili haibandikwi kwenye ubao. Huelea juu ya uso, karibu sambamba na nyuzi. Upande mmoja hufungwa kwa skrubu au pini karibu na shingo. Upande wa pili hubebwa na kono la chuma linalotokea ubavuni. Kwa njia hiyo mpigaji hupata mahali pa kutulizia vidole, na vanishi husalimika na makwaruzo ya piki.

Sababu ya kuhitaji mto

Ngao inayoelea ni bamba jembamba lililoshikwa pembeni tu. Noti fulani ikipigwa, bamba hutikisika na kugonga kono la chuma au ubavu wa shingo, na mlio wa kukera husikika. Kinasa sauti cha sumaku kikiwa kimefungwa kwenye ngao, tatizo huwa kubwa zaidi: kila ngao inapotikisika, kinasa sauti nacho husogea mbele ya nyuzi, na mtikisiko huo husikika kwenye spika.

Mto huhitajika sehemu tatu: kati ya ngao na shingo, kati ya ngao na kono la chuma, na chini ya mguu wa kono unaogusa ubavu. Haufai kujazwa kati ya ngao na uso wa gitaa. Uso huo ndio unaozaa sauti. Ukikandamizwa, sauti hufifia.

Vifaa

Felti ya sufu ndiyo inayofaa kazi nyingi. Hukandamizika taratibu, hunyonya mtetemo na haikwaruzi. Udhaifu wake ni viwavi wa nondo, ambao huila, na unyevu, ambao hukaa ndani yake karibu na vyuma.

Gome la kizibo, lile linalozibia chupa za mvinyo, hutoka kwa jamii ya mwaloni unaostawi hasa Ureno. Likibanwa halitanuki pembeni, kwa hiyo hukaa vizuri chini ya skrubu na ndani ya kono la chuma. Likizeeka hukauka na kumeguka, na hapo hubadilishwa.

Ngozi nyembamba huvumilia msuguano, lakini dawa zilizotumika kuilainisha huweza kuacha asidi au chumvi. Ngozi ambayo historia yake haijulikani isiguse vanishi.

Mpira na vinili laini ni hatari. Magitaa mengi ya Marekani yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo hata baada ya miaka mingi huyeyushwa na vimumunyisho vyake. Vilainishi vilivyomo ndani ya vinili huhama polepole, huingia kwenye vanishi na kuifanya inate. Mpira nao huipaka doa, na salfa iliyomo hutia weusi kwenye fedha na shaba.

Sponji ya polyurethani, ile ya magodoro, huoza kwa hewa na unyevu ikawa unga au gundi. Katika joto la pwani huharibika upesi zaidi. Sponji ya polithini yenye vijishimo vilivyofungwa ni tofauti. Makumbusho huitumia kuhifadhia vitu vya kale kwa sababu haitoi kemikali za kudhuru.

Kupima kifaa

Mwaka 1973 Andrew Oddy wa British Museum alieleza kipimo ambacho makumbusho hukitumia hadi leo. Kifaa hufungiwa kwenye chombo pamoja na unyevu na vipande vya fedha, risasi na shaba, kisha huwekwa kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi kwa siku 28. Fedha ikiwa nyeusi, kuna salfa. Risasi ikilika, kuna asidi. Kifaa kinachoharibu metali namna hiyo hakifai kukaa kwenye gitaa.

Ufungaji

Fundi kwanza hutafuta mahali panapolia: hupiga noti moja moja huku akibonyeza ngao kwa kidole. Pale kidole kinapokomesha mlio ndipo mto unapohitajika. Unene wa milimita 1 hadi 3 kwa kawaida hutosha. Mto hubandikwa kwenye ngao au kono la chuma, kamwe si kwenye vanishi. Gundi yenye asetoni huepukwa kwenye ngao ya seluloidi kwa sababu huiyeyusha.

Seluloidi yenyewe huhitaji uangalizi. Ni nitroselulosi iliyochanganywa na kafuri, na ikizeeka hutoa gesi za oksidi za nitrojeni, ambazo zikikutana na unyevu huwa asidi. Vyuma vilivyo jirani hushika kutu ya kijani na ngao hupasuka. Hapo hakuna mto unaosaidia. Ngao hutolewa na kuhifadhiwa mbali na gitaa.

Uamuzi

Kwa gitaa lenye vanishi ya nitroselulosi, felti ya sufu kwenye shingo na ubavu, pamoja na gome la kizibo chini ya skrubu, ndilo chaguo salama. Mpira, vinili na sponji ya magodoro visitumike kabisa, hata kwa muda mfupi.