Dakika moja ya kuzima na kuwasha

Kila bajeti ya ulinzi ikijadiliwa, hakosi wa kusema: "Tununue mtambo wa kutungua makombora, tulale usingizi." Kabla tubishane kuhusu bei, wacha niwape kisa.

Dhahran, Saudi Arabia, 25 Februari 1991. Vita vya Ghuba. Iraki ilikuwa ikirusha Scud, na setilaiti za Marekani zilikuwa zikiona joto lake likipaa, onyo linapitishwa hadi Ghuba. Huo mtandao ndio uliosifiwa sana. Lakini usiku huo mtambo wa Patriot uliolinda eneo hilo haukurusha kitu. Scud iliangukia jengo la kulala la wanajeshi wa Marekani. Wakafa 28.

Shida ilikuwa saa! Kompyuta ya Patriot ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na haikuweza kuiandika namba hiyo kamili. Kakosa kadogo, lakini kanajilimbikiza. Mtambo ulikuwa umewaka saa 100 mfululizo, manake ulibuniwa kwa vita vya Ulaya, uwashwe saa chache kisha uhamishwe. Kosa likafika theluthi moja ya sekunde. Scud huenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde, kwa hivyo rada ikaitafuta zaidi ya nusu kilomita kando. Haikuona kitu, ikanyamaza.

Sehemu inayoniuma ni hii. Israeli iligundua kasoro hiyo na kuwaambia Wamarekani wiki mbili mapema. Vikosi vikatumiwa ujumbe kwamba mtambo ukiwaka muda mrefu sana utakosea. Muda mrefu ni saa ngapi? Hawakuambiwa. Kuuzima na kuuwasha upya ni kama dakika moja tu. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, kesho yake.

So mtu akipanda jukwaani na bei ya mtambo, mimi huuliza: ujumbe wa fundi utamfikia askari wa rada lini, na umeandikwaje?

Na msiniambie hayo ni ya zamani. 23 Machi 2003, Patriot ya Marekani iliidhania ndege ya Uingereza aina ya Tornado kuwa kombora, ikaitungua. Kifaa cha ndege cha kujitambulisha hakikufanya kazi. Vifaa vya mawasiliano vya kikosi hicho navyo vilikuwa bado njiani kutoka Marekani, kwa hivyo kilikuwa kinapigana peke yake, nje ya mtandao. Wawili waliokuwa ndani walikufa. Walikuwa wanarudi kituoni Kuwait.