Kikaragosi Hakina Mkwe: Kicheko cha Watu Wazima katika Ufuo wa Ziwa Viktoria

Neno "kikaragosi" ni mgeni wa zamani katika Kiswahili. Asili yake inaelekea kuwa Karagöz, jina la mhusika mkuu wa michezo ya vivuli ya Waturuki, ambalo lilipitia katika Kiarabu kabla ya kufika pwani ya Afrika Mashariki. Karagöz ni mtu wa kawaida asiyejua kuuzuia ulimi wake. Mwenzake, Hacivat, husema kwa lugha ya wasomi. Michezo hiyo ilioneshwa hasa katika usiku wa Ramadhani, na ilisifika kwa matani ya chumbani na kwa kuwasengenya wakubwa. Neno lenyewe, basi, linashuhudia kwamba kikaragosi hakikuzaliwa katika shule ya chekechea.

Ushahidi huo unafaa kukumbukwa kila panapozuka malalamiko kwamba vikaragosi vimeharibiwa kwa ucheshi wa watu wazima. Mwaka 2015 shirika la televisheni la ABC nchini Marekani lilivirudisha hewani vikaragosi vya Muppets katika mfululizo mpya wenye utani wa mapenzi na ulevi. Kundi la wazazi liitwalo One Million Moms lilipinga. Msingi wa upinzani wa namna hii ni dhana kwamba kikaragosi ni mali ya mtoto, na kwamba anayekitia maneno mazito amemwibia mtu utoto wake. Makala haya yanadai kuwa dhana hiyo haitoshi kueleza historia ya kicheko hiki katika Kisumu na ufuo wa ziwa. Huko swali la msingi halikuwa umri wa kikaragosi, bali ni nani ameketi kando ya nani.

Katika fasihi simulizi ya Waluo, mambo ya mwili hayakukosa msemaji. Yalikuwa na mahali pake. Katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee aliyeitwa pim, vijana walijifunza hadithi, mafumbo na mambo ya unyumba kutoka kwa mtu ambaye umri ulikuwa umemtoa katika ushindani wa ndoa. Katika pakruok, mshiriki humlipa mpiga nyatiti asimame, kisha hujisifu kwa mafumbo ambayo huenda asingeyatamka mezani. Kinyume chake, mbele ya mkwe hata neno jepesi huwa zito. Kwa hiyo tusi halikupimwa kwa maana yake pekee. Lilipimwa pia kwa uhusiano wa msemaji na wasikilizaji wake.

Mfumo huo ulijaribiwa vikali na UKIMWI. Nyanza ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi nchini Kenya, na katika fuo za uvuvi desturi ya jaboya, yaani mchuuzi mwanamke kupata samaki kwa kulala na mvuvi, ilifanya ugonjwa na riziki vifungwe katika fundo moja. Katikati ya miaka ya 1990 Kadinali Maurice Otunga alishiriki katika kuchoma kondomu hadharani jijini Nairobi. Ni mwaka 1999 tu ndipo Rais Moi alipoutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Katika miaka hiyohiyo, kwa mafunzo ya Gary Friedman wa Afrika Kusini, kulizaliwa nchini harakati ya vikaragosi vya elimu ya afya iliyojulikana kama CHAPS. Vikaragosi vilisema viwanjani yale ambayo mwigizaji wa damu na nyama angeona haya kuyatamka.

Siri ya uhuru huo ni nyepesi. Kikaragosi hakina ukoo, hakina mkwe, wala hakirudi nyumbani na aibu jioni. Kilirithi kiti cha pim. Lakini pim alijua ni akina nani walioingia siwindhe. Kikaragosi cha sokoni hakikuweza kuuchuja umati wake. Hadhira ya namna hiyo hukichekea kikaragosi huku ikimtazama jirani, na aliyejikuta karibu na mkwewe ana njia moja ya heshima: kuondoka.

Televisheni iliifunga njia hiyo. Mwaka 2009 kituo cha Citizen kilianza kurusha The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya mpira kilichobuniwa na mchoraji katuni Gado kwa mfano wa Les Guignols ya Ufaransa. Sasa baba, binti na mgeni waliketi mbele ya kioo kimoja. Zaidi ya hayo, kikaragosi kilichokuwa hakina ukoo kilipewa ukoo: kilikuwa na sura ya mtu anayejulikana. Miongoni mwa waliochongwa alikuwa marehemu Raila Odinga, ambaye wafuasi wake walikuja kumwita Baba. Palipo na jina hilo, dhihaka ya mwili wa kiongozi hukaribia kuufunua uchi wa mzazi. Mtu anaweza kumcheka waziri wa mbali kwa sauti kubwa, kisha akakunja uso kikaragosi cha Baba kinapoingia, bila ya kujipinga hata kidogo.

Hata hivyo, heshima isigeuzwe kuwa kipimo pekee. Kicheko kilichomsaidia mvuvi kutamka neno "kondomu" kilikuwa na thamani ya uhai. Kicheko kinachomfanya mchuuzi wa jaboya kuwa kichekesho, ilhali hakuwa na samaki wala mashua, humrudishia mzigo aliokuja nao. Ucheshi wote wawili ni wa watu wazima, na maneno yake yaweza kuwa yaleyale. Mhakiki anayehesabu matusi peke yake hatauona mpaka ulio kati yao. Atauona akiuliza ni nani katika umati ambaye hakuweza kucheka, wala hakuwa na pa kwenda.