Mtoto Yuko na Nani?

Julai 1985 sikwenda shule kwa siku tano. Shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameitwa semina. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza Januari ya mwaka huo na walimu walikuwa wakifundishwa upya. Alikuwa na mtoto wa miezi minne, nami nilikuwa na miaka 11. "Mwanangu, utanisaidia kumshika," aliniambia. Asubuhi tukapanda basi pale Mwatate, mimi nimebeba leso mbili na chupa ya uji.

Masomo yalikuwa ndani, sisi tulikuwa nje. Nasema sisi kwa sababu chini ya mti ule kulikuwa na wasichana wengine wanne, kila mmoja na mtoto wa mwalimu mgongoni. Mtoto akilia, unatembea. Akizidi, unasimama karibu na dirisha mpaka mama yake akuone. Shangazi alikuwa akitoka, ananyonyesha haraka haraka, anarudi ndani akiwa amekosa nusu ya somo. Jioni alikuwa akiniuliza mimi walisema nini. Dirisha lilikuwa wazi, na masikio yangu hayakuwa na kazi.

Wiki zile zile, ukifungua Sauti ya Kenya ni Nairobi tu. Mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulikaa KICC kuanzia tarehe 15 hadi 26 Julai, Margaret Kenyatta akiwa rais wake. Siku chache kabla yake, mashirika yasiyo ya serikali yalifungua kongamano lao Chuo Kikuu cha Nairobi, likavuta zaidi ya watu 10,000. Waraka uliotoka KICC, ule wa mikakati ya kuelekea mwaka 2000, uliziambia serikali zijenge huduma za kulea watoto ili mama aweze kufanya kazi na kusoma. Hayo niliyasoma baadaye, nikiwa mwanafunzi wa historia. Wakati ule nilijua tu kwamba wenzangu darasani walikuwa wamefika kwenye sehemu za desimali na mimi sikuwepo.

Maktaba ndiyo iliyonionyesha kwamba jambo hili lina historia, tena ndani ya fani yangu mwenyewe. Mwaka 1969, kwenye warsha ya historia katika chuo cha Ruskin, Oxford, wanawake wachache, Sheila Rowbotham akiwa mmoja wao, walipendekeza kikao kuhusu historia ya wanawake. Tangazo lao lilichekwa ukumbini. Wakaenda kuandaa mkutano wao, na mpango ulioanza kama wa historia ukageuka kuwa mkutano wa kwanza wa kitaifa wa ukombozi wa wanawake Uingereza, mwisho wa Februari 1970. Mamia walifika, baadhi na watoto wao. Walioshika watoto walikuwa wanaume. Mmoja wao alikuwa Stuart Hall, yule msomi kutoka Jamaika, na picha za chumba kile zipo hadi leo: wanaume wameketi kati ya watoto, wake zao wakibishana ukumbini. Moja ya madai manne ya mkutano ule ilikuwa vituo vya kulea watoto vya bure, saa 24.

Nilipoiona picha ile mara ya kwanza nilicheka. Halafu nikatafuta msichana ndani yake, msichana wa miaka 11 mwenye leso. Hayumo.

Lakini mimi ni nani wa kuwanyooshea wengine kidole? Mwaka 2006 nilialikwa kusoma makala yangu kuhusu wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, na mtoto wangu alikuwa bado ananyonya. Waandalizi hawakuwa na chumba wala kiti cha ziada. Nikamchukua binti ya dada yangu, wa kidato cha pili. Nilijiambia kwamba hata hivyo alikuwa nyumbani, amefukuzwa kwa karo. Nauli mbili na gauni nililomnunulia zilikaribia kulipa deni lile la shule. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimesharudi.

Agosti 7, 2019, Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia Bunge la Taifa na mtoto wake wa miezi mitano akaamriwa atoke. Nchi nzima ilibishana kuhusu mtoto kuingia ukumbini. Wakati huo Sheria ya Afya ya 2017 ilikuwa ina miaka miwili, nayo inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha. Soma vizuri, inasema mwajiri. Mtu aliyejiandikisha kwa kongamano hakuajiriwa na waandalizi, kwa hiyo analala na shida yake. Huko Marekani, mwaka 2018 kikundi cha wanasayansi akina mama kilichapisha makala kwenye jarida la PNAS kikieleza jinsi mikutano inavyoweza kuwa na malezi papo hapo, na kutoa pesa kwa mzazi anayehitaji. Mapendekezo mazuri, ingawa huku kwetu wengi bado wangeuliza: si una msichana?

Sasa niko kwenye kamati ya semina ndogo ya historia hapa Mwatate, watu kama 60, siku mbili. Kwenye bajeti niliandika mstari mmoja: walimu wawili wa chekechea, malipo ya siku mbili, mikeka, maziwa. Mzee mmoja tunayemheshimu sana aliuliza, kwa upole tu, kwa nini tutumie pesa hizo ilhali akina mama watakuja na wasichana wao.

"Mzee," nikamuuliza, "semina ni Alhamisi na Ijumaa. Wasichana hao watakuwa wametoka wapi?"

Alinyamaza kidogo, akageuza ukurasa, tukaingia kwenye bei ya kukodi hema. Mstari wangu haujafutwa, na haujapitishwa. Tunakutana tena Jumamosi.