Mafundi wa Chini ya Mti

Ewe msomaji, ukifika Ndalu, katika nchi iliyo kati ya Kitale na Bungoma, ukamwona mtu amelala chali chini ya lori, usidhani ya kuwa ufundi ule ulianza jana.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Ilichukua mahindi ya walowezi, lakini haikuingia mashambani. Huko kazi ilikuwa ya magari ya ng'ombe, kisha malori. Mwenye lori alikuwa mlowezi. Walakini aliyelisukuma matopeni, akashika taa usiku na kupokeza spana, alikuwa kijana Mwafrika, ndiye taniboi. Mara nyingi hakufundishwa neno. Alitazama tu, na jicho likaufikisha ujuzi mkononi.

Ikaja Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945. Maelfu ya vijana wa Kenya waliingia jeshini, na baadhi yao wakafunzwa kuendesha malori na kuyatengeneza. Hao walirudi na kitu ambacho taniboi hakupewa, nacho ni kujua sababu. Nami naona tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunavyoikiri.

Kuanzia 1962 serikali ilinunua mashamba ya walowezi na kuyagawa, na Ndalu ikawa miongoni mwa sehemu zilizopata wakulima wapya. Mkulima huyo alikuwa na magunia yake machache, na lori likikwama mvua ikikaribia, mahindi yaliweza kuoza. Fundi wa mjini alikuwa mbali, na ghali. Ndipo gereji ikahamia chini ya mti.

Tuseme lori halitaki kuwaka. Fundi mwenye akili hakimbilii kufungua injini. Kwanza huuliza: je, yazunguka? Isipozunguka hutazama betri, na aghalabu hukuta ukungu mweupe umeota penye vichwa vyake. Huusugua, akajaribu tena. Ikizunguka isiwake, hutafuta kama mafuta yafika, na kama ni injini ya petroli, kama plagi yatoa cheche. Injini ya dizeli haina plagi za cheche; adui yake ni hewa. Lori la dizeli likiishiwa mafuta njiani, hewa huingia katika mirija, na hata ukilijaza tangi haliwaki, mpaka ulegeze skrubu ya kutolea hewa, upige pampu kwa mkono hadi mapovu yaishe. Tena, tangi la petroli likipasuka, husuguliwa kipande cha sabuni ya kufulia penye ufa, kwa maana sabuni haiyeyuki katika petroli. Hiyo ni dawa ya kumfikisha mtu nyumbani tu, na moto uwe mbali kabisa!

Mijini watu wa kazi hizi walifukuzwa mara nyingi kama wahalifu. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya ilieleza kwamba kazi zao zina faida kwa nchi, na kwamba zasumbuliwa bure. Wakenya wenyewe waliwaita jua kali, jina ambalo lataja mahali pao pa kazi, wala halisemi lolote juu ya ujuzi wao.

Siku hizi magari mengi madogo huongozwa na kompyuta, na fundi huchomeka kifaa cha kusoma makosa. Lakini lori kuukuu la dizeli bado hutolewa hewa kwa mkono, na apigaye pampu ni taniboi.