Dhahabu ya Kongo ndani ya Bunge la Uganda

Wengi wetu hapa Nakivale tumetoka Kongo, na tumekua tukisikia jinsi dhahabu ya kwetu ilivyoponza watu. Lakini si wengi wanaojua kwamba dhahabu hiyo iliwahi kuitikisa Serikali ya nchi hii inayotuhifadhi, mpaka mawaziri wakafungwa, Katiba ikawekwa kando na mfalme akakimbia. Cheche ilikuwa hoja ya mbunge mmoja wa upinzani, Daudi Ocheng, mwaka 1966.

Ninaandika habari hii kwa sababu ya swali ambalo vijana wa kikundi chetu cha midahalo huniuliza kila mara: kuwauliza wakubwa kunasaidia nini, kama jibu haliji? Mimi si mwalimu wa historia, nimeishia sekondari. Lakini naona habari ya Ocheng inajibu sehemu ya swali hilo.

Tuanze Kongo. Mwaka 1964 waasi wa Simba, waliojiita wafuasi wa Lumumba, walishika sehemu kubwa ya mashariki, na mwezi wa Agosti wakateka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Novemba mwaka huo askari wa miamvuli wa Ubelgiji, wakibebwa na ndege za Marekani, wakaingia mji huo. Waasi wakaanza kusukumwa kuelekea mipaka ya Sudan na Uganda. Waziri Mkuu wa Uganda wakati huo, Milton Obote, alikuwa upande wao dhidi ya Serikali ya Tshombe. Februari 1965 ndege zilizotoka Kongo zikapiga mabomu Paidha na Goli, vijiji vya West Nile ndani ya Uganda. Afisa aliyekuwa kiungo kati ya Serikali ya Obote na waasi alikuwa Kanali Idi Amin, naibu mkuu wa jeshi.

Waasi hawakuwa na pesa za benki. Walikuwa na dhahabu, pembe za ndovu na kahawa. Basi maneno yakaanza Kampala: vitu vinavuka mpaka, vinauzwa, na pesa zinaingia mifukoni mwa watu.

Sasa, nani wa kuuliza? Upinzani wenyewe ulikuwa unayeyuka. Kiongozi wa Upinzani Bungeni alikuwa mtu wa huku kwetu Ankole, Basil Bataringaya wa chama cha DP. Mwishoni mwa 1964 alivuka upande na wenzake kadhaa, akaingia UPC ya Obote, halafu akapewa uwaziri. Ukiwauliza wazee wa Mbarara watakuambia siasa ni hivyo, mtu huenda penye meza iliyoandaliwa. Chama cha Kabaka Yekka, ambacho mwanzoni kilitawala pamoja na UPC, kilikuwa kimetengwa tangu Agosti 1964. Ocheng alikuwa Katibu Mkuu wa hicho. Ajabu yake ni kwamba Kabaka Yekka kilikuwa chama cha Wabaganda, na yeye alikuwa Mwacholi wa kaskazini, rafiki wa Kabaka Mutesa.

Ocheng alianza kuuliza mwaka 1965. Akaahirishwa. Akarudi tena. Tarehe 4 Februari 1966 hoja yake ikafika Bungeni, na hakuja na maneno matupu. Alikuja na nakala ya karatasi za akaunti ya benki ya Amin, zilizoonyesha kwamba ndani ya mwezi mmoja wa Februari 1965 ziliingia zaidi ya shilingi 300,000. Kwa mshahara wa afisa wa jeshi wa siku zile, hizo ni pesa za kutisha. Hoja yenyewe ilikuwa fupi na ilitaka jambo linaloshikika: Amin asimamishwe kazi mpaka polisi wamalize uchunguzi wa akaunti hiyo, na mwisho wake utangazwe wazi. Katika kuieleza, Ocheng akaenda mbali zaidi. Akamtaja Obote mwenyewe, Waziri wa Ulinzi Felix Onama, na waziri mwingine, Adoko Nekyon, kwamba nao walifaidika.

Wabunge wa UPC walikuwa wamekubaliana siku chache kabla kwamba hoja hiyo wataikataa. Lakini Obote alikuwa safarini kaskazini, na asubuhi ya siku ileile mawaziri waliobaki Kampala wakageuza uamuzi. Hoja ikapita karibu kwa kauli moja. Aliyeipinga ni mmoja tu, John Kakonge.

Hapa tusijidanganye. Wote walioinua mkono siku ile hawakuwa wanaililia haki. Ndani ya UPC kulikuwa na vita ya chini kwa chini, na kundi la waziri Grace Ibingira, naye mtu wa Ankole, lilikuwa linatafuta njia ya kumwangusha Obote. Swali la Ocheng likawa jiwe mkononi mwao. Ni jambo la kukumbuka kwa yeyote anayeuliza hadharani: swali lako likishatoka mdomoni, watu wenye shida zao wanaweza kulibeba kwenda wasikokuambia. Hilo halilifanyi swali kuwa baya. Pesa zilikuwa zimeingia kweli kwenye akaunti, na mtu alipaswa kueleza zilitoka wapi.

Obote aliporudi hakumsimamisha Amin. Tarehe 22 Februari 1966 polisi waliingia kwenye kikao cha mawaziri kule Entebbe, wakawakamata mawaziri watano: Ibingira, Emmanuel Lumu, Balaki Kirya, Mathias Ngobi na George Magezi. Amin akapandishwa, akakabidhiwa jeshi. Katiba ya 1962 ikawekwa kando, na Aprili wabunge wakapitisha katiba mpya ambayo walikuwa hawajaisoma. Watu waliipa jina la katiba ya visanduku vya barua, kwa maana waliambiwa nakala zao watazikuta huko. Tarehe 24 Mei jeshi likashambulia ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa, aliyekuwa pia Rais wa nchi, akatoroka mpaka Burundi na baadaye London, akafia huko mwaka 1969. Tunapopanga foleni na vyeti vyetu vya ukimbizi, tujue kwamba hata rais wa kwanza wa Uganda alikufa mkimbizi. Ocheng naye alikuwa mgonjwa wakati wote huo. Alifariki mwaka uleule, muda mfupi baada ya Mengo.

Na jibu je? Obote aliunda tume ya majaji kutoka nje ya Uganda, ikiongozwa na Jaji Clement de Lestang. Tume ilisikiliza mashahidi na haikukuta ushahidi wa kumtia hatiani Obote wala mawaziri wake. Lakini ripoti ilikaa kabatini. Ilichapishwa mwaka 1971, na aliyeichapisha ni Serikali ya Amin, yuleyule mwenye akaunti, baada ya kumpindua Obote. Miaka mitano kwa swali moja.

Kufikia hapo Bunge lenyewe halikuwepo tena, Amin alilivunja. Ukitaka kujua nchi isiyo na mahali pa kuuliza inakuwaje, huna haja ya kwenda mbali, panda taksi uende Mbarara tu. Julai 1971 Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mwalimu wa Makerere Robert Siedle, walikwenda kwenye kambi ya jeshi ya Simba pale Mbarara kuuliza habari za askari waliosemekana kuchinjwa humo. Hawakutoka hai. Jaji aliyechunguza vifo vyao, David Jeffreys Jones, ilibidi aondoke nchini. Na Bataringaya, aliyeuacha upinzani akaenda kwenye meza ya Serikali, aliuawa na watu wa Amin hukohuko Mbarara mwaka 1972.

Lakini kuna jambo ambalo mimi kama Mkongomani limenikaa moyoni kuliko yote haya. Katika hoja ile ya 1966 waliuliza nani amekula, wamekula ngapi, na nani anataka kumpindua nani. Swali la mwenye mali halikuwa ndani ya hoja: dhahabu hii ilichimbwa na mikono ya nani, na wao walipata nini? Simlaumu sana Ocheng. Alikuwa mbunge wa Uganda, akiuliza kuhusu jeshi la Uganda. Wachimbaji wa Kongo hawakuwa wapiga kura wake.

Swali hilo lilikuja kuulizwa baadaye, kuhusu vita nyingine. Mwaka 1999 Serikali ya Kongo iliishtaki Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Mwaka 2005 Mahakama ikasema Uganda ilivunja sheria, na ndani ya makosa hayo kulikuwa na uporaji wa mali ya asili. Tarehe 9 Februari 2022 ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na katika hizo milioni 60 ni kwa ajili ya mali ya asili, dhahabu ikiwemo. Kutoka shtaka mpaka hesabu ya malipo ni kama miaka 23.

Turudi Nakivale. Sisi hapa hatupigi kura ya Uganda. Waziri anayeshughulikia wakimbizi anajibu kwa wabunge, na wabunge wa Isingiro wanachaguliwa na majirani zetu wenyeji. Tunachochagua sisi ni viongozi wetu wa RWC. Kwa hiyo tuko karibu sana na yule mchimbaji wa 1965: mambo yetu yanazungumzwa kwenye vyumba ambavyo hatumo. Mwaka 2018 maswali kuhusu hesabu za wakimbizi yalipozidi, Serikali na UNHCR walituhesabu upya kwa vidole na macho, na idadi ya nchi nzima ikashuka kutoka kama milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Mwaka 2023 familia ziligawanywa makundi matatu ya chakula, na kundi la tatu likaachwa bila kitu. Katika mikutano niliyohudhuria mimi watu walilia, wakapiga kelele, wakaenda nyumbani. Kesho yake hakuna aliyeweza kuonyesha ni swali gani liliulizwa.

Ndiyo maana vijana wetu tunawafundisha kazi ya Ocheng, siyo hotuba yake. Uwe na karatasi. Omba jambo moja linaloshikika. Wakikuahirisha, rudi. Na liandikwe. Tuna daftari la mistari lenye safu nne: tarehe, nani ameuliza, ameuliza nini, nani amejibu na lini. Safu ya mwisho ina nafasi nyingi nyeupe. Ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkija mkutanoni msituletee vipaza sauti peke yake. Njooni na majibu ya maswali ya mkutano uliopita, yakiwa yameandikwa, hata kama jibu ni hapana. Nasi tutayanakili kwenye safu ya nne.