Ardhi ya Wameru na Ramani za Wenye Amri

Mtu atokaye mjini Arusha kwa njia ya Moshi, akapita Tengeru na Usa River hata akafika Maji ya Chai, huuona mlima Meru umesimama upande wake wa kushoto kwa kimo cha mita zaidi ya 4,500, na chini yake vihamba ambavyo ndani yake mgomba na mbuni hukaa pamoja, mrefu ukiupa mfupi kivuli, na mfereji uliochimbwa kwa mikono ya wahenga ukipita baina ya jirani na jirani. Siku hizi, katika vihamba hivyo hivyo, jicho huangukia pia juu ya bikoni za zege zilizofukiwa pembezoni mwa migomba, zenye nambari zisizosomeka ila kwa mpimaji, na penginepo juu ya ukuta ulioandikwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Aghalabu mwenye kihamba huuliza ni nani aliyekaa akaamua kwamba hapa pawe viwanja, na pale pawe barabara, na yeye asipelekewe hata salamu. Swali hilo liliulizwa katika nchi hii zaidi ya miaka sabini iliyopita, likavuka bahari hata New York, na kisa chake chastahili kusimuliwa kwa watu wa leo, maana vijana wengi wa Arusha wanalijua jina la Kirilo Japhet lakini hawaijui khabari yake.

Asili ya mambo ni utawala wa Wadachi. Baada ya wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, kuuawa Akeri mwaka 1896, vikosi vya Wadachi viliwashambulia Wameru na Waarusha kwa ukali usiosahaulika, na kufikia mwaka 1900 boma la Arusha lilikuwa limekwisha kusimama. Ndipo zilipoanza kukatwa ardhi kubwa kubwa na kupewa walowezi, wakiwamo Makaburu waliokuja kutoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, mpaka mashamba ya wageni yakauzunguka mlima kama mkanda kiunoni, wenyeji wakabanwa juu baina ya mashamba na msitu, na malisho yao ya nchi tambarare yakatengwa nao. Mwingereza alipoirithi Tanganyika baada ya vita kuu ya kwanza, hakuufungua mkanda huo. Mashamba ya Wadachi aliyauza kwa wageni wengine, na kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1923 akaitangaza ardhi ya nchi kuwa ya umma iliyo chini ya mamlaka ya Gavana.

Upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, hata hivyo, Wameru walipata pumzi. Huko Ngarenanyuki, pamoja na Leguruki, walifuga na kulima, wakajenga nyumba na kuzika wafu wao. Na kuhusu mashamba mawili ya huko yaliyojulikana katika daftari za serikali kwa nambari 31 na 328, walitoa hoja kwamba walikwisha kuyalipia na kuyarudisha katika milki yao. Mtu aliyenyang'anywa urithi wake, kisha akaununua tena kwa jasho lake, hawezi kuelezwa na yeyote kwamba yeye ni mpangaji tu.

Mwaka 1946 serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza mambo ya ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, na ripoti yake ikatolewa mwaka uliofuata. Baadhi ya mashauri yake yalikuwa ya kuwapunguzia wenyeji msongamano, na hilo ni haki kulitaja. Lakini ndani yake mlikuwamo shauri kwamba nchi iliyo baina ya Kilimanjaro na Meru iwe eneo moja lisilokatika la walowezi wa Kizungu, ili wafuge humo ng'ombe wa nyama na wa maziwa katika mashamba makubwa kumi na matatu. Ngarenanyuki ilikuwa katikati ya eneo hilo. Hivi ndivyo ulivyokuwa mpango wa matumizi ya ardhi wa zama hizo: aliyeuchora aliitazama rangi ya mtu kwanza, kisha akaitazama mvua na majani, na watu wapatao 3,000 waliokuwa wakiishi ndani ya mstari wake aliwahesabu kuwa kikwazo cha kuhamishika. Waliandaliwa mahali King'ori, nchi ya chini, ambako wafugaji walihofia maradhi ya mifugo yao, na wakaahidiwa fidia.

Wameru walikataa. Walikataa barazani, walikataa kwa barua, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipoizuru Tanganyika mwaka 1951 waliupelekea malalamiko yao, kwa kuwa nchi hii ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja huo na Mwingereza alikuwa mwangalizi tu. Serikali haikungoja jawabu. Tarehe 17 Novemba mwaka huo huo askari waliingia Ngarenanyuki wakiongozwa na maofisa wa Kizungu, na kazi yao ikaendelea hata mwezi wa Desemba. Vyombo vilitolewa nje, nyumba zikabomolewa na kutiwa moto, ng'ombe wakaswagwa kuelekea King'ori, na wenyewe wakaelekezwa kwenye malori. Wameru hawakuinua silaha, alhali walikuwa na sababu zote za kughadhibika; walikaa kimya, wakakataa kupanda malori, wakakataa na fidia, kwa kuwa waliona kwamba mwenye kupokea thamani ya kitu amekubali kukiuza. Katika historia yote ya madai ya ardhi katika Afrika ya Mashariki sijui subira iliyo kubwa kuliko hiyo.

Baada ya hapo walichangishana fedha, katika mwaka ambao wengi wao hawakuwa na paa, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, waende New York. Katikati ya mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, Mtanganyika wa kwanza kusema katika Umoja wa Mataifa, akaeleza yaliyowapata watu wake. Baraza lilisikitika kwamba watu walihamishwa bila ridhaa yao, lakini halikuamuru warudishwe. Shauri lilipopanda katika Baraza Kuu mwishoni mwa mwaka, wajumbe wengi waliwaunga mkono Wameru, lakini kura zao hazikufikia theluthi mbili zilizohitajiwa, na likaanguka.

Kwa hesabu ya kura, basi, Wameru walishindwa. Lakini khabari zao zilienea Tanganyika nzima, kutoka tawi hadi tawi la chama cha TAA, na watu wa Pwani na wa Ziwa wasioijua Ngarenanyuki walitambua kwamba lililowapata wenzao laweza kuwapata na wao; na TAA ilipogeuzwa kuwa TANU, chama cha kupigania uhuru, tarehe 7 Julai 1954 mjini Dar es Salaam, Kirilo Japhet alikuwa mmoja wa watu 17 waliokuwapo. Uhuru ulipofika, Ngarenanyuki ilirudi kuwa nchi ya Wameru, na leo ni kata ya Wilaya ya Meru ijulikanayo sokoni kwa nyanya na vitunguu vyake.

Serikali ya uhuru iliziondoa hati za umilikaji wa daima katika miaka ya mwanzo, na Azimio la Arusha la 1967 likayataifisha mashamba mengi. Lakini ardhi iliendelea kuwa ya umma chini ya dhamana ya mkuu wa nchi, na mwananchi wa kijijini hakuwa na kinga ya kutosha mbele ya ofisa mwenye ramani. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kuanzia 1991 ilisikiliza malalamiko ya aina hii mikoani kote. Baada yake zilipatikana Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, na ndani ya hiyo ya pili umo ulinzi ambao Wameru wa 1951 hawakuwa nao: ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi kuwa ya namna nyingine mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali, na ikizidi kiasi hicho Waziri hana budi kuyapima maoni ya wanakijiji kabla ya kuamua, na makubaliano juu ya fidia hutangulia.

Mji nao umekua kwa haraka. Arusha ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2012, nayo sensa ya mwaka huo ikahesabu watu 416,442 ndani yake. Sensa ya 2022 ikahesabu 617,631. Mpango kabambe uliotayarishwa kwa miaka ya 2015 hadi 2035 umevuka mipaka ya jiji na kuingia katika sehemu za halmashauri za Arusha na Meru, yaani katika vihamba vyenyewe. Sisemi kwamba mji usipangwe. Anayejua nyumba zilivyojengwa kando ya mito ya Themi na Naura, na maji yanavyofanya wakati wa masika, hawezi kuukataa mpango. Lakini kijiji kikisha kutangazwa kuwa eneo la mipango miji, kihamba hugeuka kiwanja katika karatasi, mkulima huingia katika sheria nyingine asiyoizoea, na kahawa iliyowasomesha watoto wake huhesabiwa kuwa kitu cha kuondolewa. Jambo hili likifanyika kwa idhini yake, ni maendeleo. Likifanyika bila yeye kujua, basi sioni tofauti yake na mstari wa 1947 isipokuwa katika rangi ya aliyeuchora.

Kwa hiyo rai yangu kwa halmashauri tatu zinazouzunguka mlima ni kwamba ramani ya mpango itundikwe katika kila ofisi ya kijiji na ya mtaa, kwa Kiswahili, na si mjini peke yake. Na mpimaji asitie bikoni katika kihamba cha mtu kabla ya jambo hilo kusemwa katika mkutano mkuu na kuandikwa katika muhtasari. Na wewe msomaji wa Akeri, Poli, Nkoaranga au Olmoti, mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa wako utakapoitishwa, usitume mtoto akusikilizie: nenda mwenyewe, uombe kuiona ramani, uulize kihamba chako kimeandikwa nini, na jawabu utakalopewa litake kwa maandishi.